Moyo unakwenda mbio, vipimo vinasema mzima

SWALI

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 34, kazi yangu ni ualimu. Mwaka wa tatu huu moyo wangu huondoka ghafla, sina neno jingine la kukuelezea. Nimeinama kuokota chaki, au nimegeuka tu niandike ubaoni, mara unaanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Hauanzi pole pole, unafyatuka. Shingo inapwita mpaka wanafunzi wa dawati la mbele wanaona. Inaweza kuwa dakika kumi, inaweza kufika nusu saa, kisha inakatika ghafla vilevile kama ilivyoanza. Baada ya hapo naenda haja ndogo mara tatu, mara nne, mfululizo. Hutokea kama mara mbili kwa mwezi. Sijawahi kuzimia, ila siku moja niliona giza nikakaa sakafuni.

Nimepimwa ECG, kile kipimo cha kuandika umeme wa moyo kwenye karatasi, mara nne, zote safi. Damu ya kutosha, tezi ya shingo nzima, presha ya kawaida. Mara ya mwisho niliambiwa ni wasiwasi, nikaandikiwa dawa za kutuliza. Nazimeza kila siku. Usingizi zinaleta, lakini moyo ukitaka kuondoka unaondoka. Sasa hata mume wangu anasema, "Si umeambiwa huna kitu?" Daktari, ni mawazo yangu kweli? Kama si mawazo, niombe kipimo gani? Na je, nikinunua saa ya kupima mapigo itanisaidia?

Niliyechoka Kuambiwa Mzima

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Nianze na hilo linalokuuma. Siamini kwamba ni mawazo. Jina la ugonjwa siwezi kukupa kwa barua, wala daktari yeyote asikupe kabla ya kuona mapigo yako yameandikwa kwenye karatasi. Lakini umeandika mambo ambayo mtu hayatungi, kwa sababu wengi hata hawajui kwamba yana uhusiano na moyo.

La kwanza ni huko kufyatuka na kukatika. Moyo wa mtu mwenye hofu hupanda ngazi kwa ngazi na kushuka ngazi kwa ngazi; hofu yenyewe ikiisha, mapigo bado huchukua muda kutulia. Wako unawaka na kuzima. La pili ni shingo. Kwa kawaida vyumba vya juu vya moyo hukaza kwanza, vya chini vikafuata. Katika aina fulani ya mwendo wa mbio, vyote hukaza kwa pamoja. Vya juu vinasukuma damu wakati mlango wa kuelekea chini umefungwa, nayo hurudi kwenye mishipa ya shingo. Wanafunzi wako hawakosei, wanachokiona kipo. La tatu ni huo mkojo. Vyumba vya juu vikitanuka kwa shinikizo hilo hutoa homoni inayoziambia figo zimwage maji. Tena kuinama, ulikokutaja kama jambo dogo, ni kichocheo kinachojulikana sana.

Picha ninayoipata ni hii. Umeme wa moyo huanzia juu upande wa kulia, ukapita kwenye lango moja katikati ndipo ushuke chini. Kuna watu ambao langoni pao pana njia mbili badala ya moja, na wengine wamezaliwa na uzi wa ziada pembeni kabisa ya lango. Miaka inapita bila shida. Halafu siku moja pigo moja linatangulia kabla ya wakati wake, umeme unashuka kwa njia hii na kurudi juu kwa ile, unajikuta kwenye mzunguko, na moyo unapiga mara 150 hadi 250 kwa dakika. Mzunguko ukikatika, kila kitu kinarudi kama vile hakijatokea. Ukipimwa saa moja baadaye, karatasi ni safi.

Na hapa ndipo penye kiini cha shida yako. Karatasi ya kawaida ya ECG huandika sekunde 10 tu. Wewe umepimwa mara nne: hizo ni sekunde 40 katika miaka mitatu. Hakuna anayeweza kuzitazama sekunde 40 za utulivu akatoa hukumu juu ya nusu saa ambayo hakuiona. ECG safi inasema moyo ulikuwa shwari ulipokuwa umelala pale kitandani. Zaidi ya hapo haisemi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu na mimi niliwahi kutoa hukumu hiyo. Nilikuwa daktari mchanga. Alikuja mama mmoja na maelezo yanayofanana na yako. Nikampima, nikaikunjua ile karatasi mbele yake, nikamwambia, "Mama, moyo wako mzima, punguza mawazo." Aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi bila kusema neno. Miezi kadhaa baadaye aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, kanga imelowa jasho kifuani, nikamfunga waya zilezile. Mapigo yalikuwa 190, mistari membamba imebanana kama meno ya kitana. Tulimpa adenosine mshipani, dawa inayofunga lango la moyo kwa sekunde chache. Tulimtahadharisha kwamba atahisi kama roho inatoka. Mstari ukanyooka, chumba kizima kikanyamaza, kisha pigo moja, la pili, la tatu, 84 kwa dakika. Alipopata pumzi alinitazama akauliza, "Leo umeuona?" Nikamwambia nimeuona, na nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu kwamba ni mawazo kabla ya kuunasa moyo wake ukiwa mbioni.

Basi kipimo cha kuomba ni chochote kitakachokuwepo moyo unapoondoka. Kipi hasa, inategemea unaondoka mara ngapi. Wengi hupewa kifaa cha Holter, kinachoandika mapigo kwa saa 24 au 48. Kimepewa jina la Norman Holter, Mmarekani aliyeanza miaka ya 1940 na mtambo wa karibu kilo 38 uliobebwa mgongoni. Siku hizi unakivaa chini ya nguo. Ni kizuri kwa mtu ambaye moyo humsumbua kila siku. Kwako wewe, wa mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili zina uwezekano mkubwa wa kutoka bure, na utaambiwa tena u mzima. Omba kifaa cha kuvaa kwa wiki mbili hadi mwezi, chenye kitufe cha kubonyeza dalili zikianza. Kuna pia kidude kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua na kukaa hata miaka mitatu, lakini hicho kwa kawaida ni cha wale ambao dalili zao ni za nadra sana, hasa wanaozimia.

Saa itakusaidia, mradi iwe ile inayoandika mstari wa ECG. Unagusa kitufe, unatulia, inaandika sekunde 30, unahifadhi na kumpelekea daktari. Zile zinazomulika taa ya kijani na kukupa namba tu mara nyingi hukosea moyo ukienda mbio sana, na hata zikipatia, namba haimwambii daktari ni mwendo wa aina gani.

Njia nyingine haihitaji kununua chochote. Ukianza, na kama kuna kituo cha afya unachoweza kukifikia kabla ya nusu saa, mtu akupeleke. Usikae foleni kimya. Mwambie muuguzi wa kwanza unayemwona: "Moyo unakwenda mbio sasa hivi, naomba ECG kabla ya kitu kingine chochote." Karatasi moja iliyoandikwa wakati huo ina thamani kuliko mia moja safi.

Hizo nne za zamani nazo usizitupe. Mpelekee daktari wa moyo azisome upya. Mwaka 1930 Wolff, Parkinson na White walieleza vijana wenye afya njema waliokuwa wakishikwa na mbio za moyo, na ambao ECG zao zilikuwa na alama hata wakiwa wametulia: umeme uliwahi kufika chini kwa sababu ulipitia uzi wa ziada. Alama hiyo yaweza kuwa ndogo sana, na macho yenye haraka huipita. Aombe na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, aone vyumba na milango yake ilivyo, pamoja na potasiamu na magnesiamu kwenye damu. Umwambie pia kila dawa unayotumia, hata za mafua na za pumu, maana baadhi huamsha moyo, na kiasi cha kafeini unachokunywa.

Mume wako usigombane naye, mpe kazi. Mpe daftari na kalamu. Siku moyo ukiondoka naye yupo, aandike tarehe, saa ulipoanza, ulikuwa unafanya nini, saa ulipokatika. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa nne. Yakienda kasi hata asiweze kuhesabu, aandike hivyo hivyo. Wewe nawe gonga meza kwa kidole kufuata mdundo, yeye asikilize: je, mwendo ni mmoja kama wa saa ya ukutani, au umevurugika, haushikiki? Mbele ya daktari ugonge tena. Naulizia hilo kila mgonjwa. Mbio zenye mwendo mmoja zinaelekea kwenye mzunguko niliokueleza. Mwendo uliovurugika kabisa unaweza kuwa mtetemo wa vyumba vya juu, ambao huleta hatari ya damu kuganda na kusababisha kiharusi, na huo una matibabu yake tofauti. Na siku ya kumwona daktari, mume aje. Mtu aliyehesabu mwenyewe hasemi tena kwamba huna kitu.

Kuna namna ya kuukata mzunguko kwa pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika idara za dharura Uingereza, uliwataka wagonjwa wakiwa wameegemea wapulize kwa nguvu sekunde 15, kisha walazwe chali papo hapo na miguu ikainuliwa sekunde 15. Mioyo ya asilimia 43 ilirudi sawa, dhidi ya asilimia 17 kwa waliopuliza bila kulazwa. Mwombe daktari akuonyeshe kwanza na akuthibitishie kwamba inakufaa. Kusugua shingo, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, usijaribu mwenyewe.

Dawa za kutuliza usiziache ghafla. Baadhi yake, ukizikata kwa siku moja baada ya kuzimeza kila siku, hukurudishia moyo wa mbio wa aina nyingine kabisa. Mwambie daktari azipunguze kidogo kidogo.

Ile siku uliyoona giza naichukulia kwa uzito. Moyo ukiondoka, kaa au lala palepale. Kama unaendesha gari, simama pembeni. Usijifungie bafuni peke yako. Nenda dharura bila kusubiri kifaa wala miadi ukizimia, kifua kikibana, pumzi ikikukatika, au mbio zikigoma kuisha. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, au una ujauzito sasa, hayo yawe maneno yako ya kwanza kwa daktari.

Hukuuliza matibabu, lakini nakutajia ujue unakoelekea. Ikithibitika ni mzunguko wa njia mbili langoni, kuna vidonge vya kuuzuia, na kuna kuukata kabisa: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, ncha yake ikaunguza kile kijinjia cha ziada. Zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi hupona moja kwa moja. Hatari ya kuliharibu lango lenyewe, mtu akahitaji kifaa cha kuuendesha moyo, ni kama mmoja katika mia au pungufu. Yule mama wa pochi alichagua njia hiyo.

Karatasi ya moyo wako ukiwa mbioni ukiipata, toa nakala mbili. Moja ya daktari, moja ikae kwenye mkoba unaokwenda nao shuleni. Kisha niandikie tena uniambie imeonyesha nini.