Pedali laini baada ya kufunga kalipa mpya
Ssebo, kama pedali ya breki ilianza kuzama baada ya kubadilisha kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski), kwanza angalia nipeli ya kutolea upepo, yaani kitundu cha kutoa hewa. Lazima iwe juu ya kalipa. Ikiwa iko chini, fundi amefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na hewa haitoki hata umalize lita nzima ya mafuta. Zibadilishane, kisha toa upepo ukianzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pedali, maana usukani wetu Uganda uko kulia. Tumia kopo jipya la mafuta ya breki ya DOT 4 tu; ya kupimiwa chupani yameshanyonya unyevu. Kikopo cha juu cha mafuta ya breki kisikauke wakati unatoa upepo. Pedali ikishika kisha ikashuka polepole bila kuvuja popote, hiyo ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali.