Utawala wa umma au uhusiano wa kimataifa: angalia kozi za lazima kwanza

Mkuu, umesema una miaka mitatu kwenye idara ya mipango serikalini, unataka kwenda kusoma masta, na hujui uchukue utawala wa umma au uhusiano wa kimataifa. Mimi nilisoma utawala wa umma kwenye chuo chenye fani zote mbili, na kozi zangu nyingi za hiari nikazichukua upande wa pili. Nitakujibu kwa niliyoyaona humo.

Jina la shahada lisikusumbue sana. Princeton shahada yao ni MPA, yaani utawala wa umma, lakini ndani yake unaweza kubobea kwenye uhusiano wa kimataifa. Harvard wana MPA ya maendeleo ya kimataifa ambayo ukiifungua unakutana na hisabati na uchumi mzito, na mtu aliyezoea kuandika insha za siasa atatoka jasho. Kinachokuambia ukweli ni orodha ya kozi za lazima. Kama haina bajeti wala takwimu, hiyo ni shahada ya kuzungumza kuhusu serikali. Serikali yenyewe ina lugha yake, nayo ni bajeti.

Nikupe mfano. Kwenye kozi ya uchambuzi wa gharama na faida tulipewa mradi ambao faida yake kubwa ingeonekana baada ya miaka 20. Dola milioni 1 ya wakati huo, ukiishusha thamani kwa asilimia 3 kwa mwaka (maana pesa ya baadaye haina thamani sawa na ya leo), leo ni kama dola 554,000. Ukiishusha kwa asilimia 7, inabaki kama dola 258,000. Mradi ni ule ule, ila hapa unapita na pale unakufa. Na viwango hivyo havikutoka hewani: mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2003 wa kuchambua kanuni uliagiza hesabu zionyeshwe kwa vyote viwili. Tangu hapo kila ripoti ya mradi ninayoletewa naanza kwa kutafuta asilimia waliyotumia. Mara nyingi imefichwa kwenye kiambatisho, na ukiuliza nani aliichagua, ukumbi unakuwa kimya.

Kitu kingine ni kuandika kwa kiongozi asiye na muda. Mwalimu wetu, mtu aliyezeekea kwenye ofisi za bajeti, alitaka kurasa mbili tu. Maelezo yote ya historia ya tatizo aliyapiga mstari, kisha pembeni anaandika: “Unataka nisaini nini?” Watu wenye alama za juu za shahada ya kwanza walikuwa wanarudishiwa karatasi imejaa wino.

Upande wa uhusiano wa kimataifa usiudharau, wengi wanadhani ni porojo. Darasa lililonifaa zaidi lilikuwa la majadiliano, ambako tuliigiza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Azimio linahitaji kura 9 kati ya 15, na pasiwe na kura ya turufu (veto) ya mjumbe wa kudumu, yaani “hapana” yake moja inaua azimio. Wageni tulikimbilia kuzisaka hizo 9. Waliowahi kukaa ubalozini walimfuata mkubwa anayepinga, wakamuuliza kimyakimya angehitaji nini ili ajizuie tu kupiga kura, maana kujizuia kwake hakuhesabiki kama turufu. Ndivyo azimio namba 1973 kuhusu Libya lilivyopita mwaka 2011: kura 10 za ndiyo, watano wakajizuia, Urusi na Uchina wakiwemo. Hilo unaweza kulisoma kitabuni, sawa, lakini kulifanya mbele ya mtu anayekukatalia ni habari nyingine.

Kuhusu Umoja wa Mataifa, kwa sababu najua swali linakuja: nafasi nyingi za kitaalamu zinataka masta, ila matangazo mengi yanakubali shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili ya ziada ya uzoefu. Na mpango wao wa vijana wataalamu unataka shahada ya kwanza tu, umri usizidi 32. Kwa hiyo usichukue mkopo mkubwa kwa ajili ya sharti ambalo huenda unaweza kulivuka bila masta.

Pesa ndiyo ingeniamulia mimi, kuliko jina la chuo. Princeton wanalipia ada wanafunzi wao wote wa MPA, ndiyo maana foleni yake ni ndefu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia mwaka mmoja wa masomo huko, inataka angalau miaka miwili ya kazi, ambayo unayo, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Ukiwa mtumishi mwenye barua ya ruhusa ya masomo, sharti hilo halikuumizi hata kidogo. Cheti cha ithibati cha NASPAA, chombo kinachokagua programu za utawala wa umma, kinasaidia kujua programu imekaguliwa. APSIA, ya upande wa uhusiano wa kimataifa, ni umoja wa vyuo tu, si cheti cha ithibati, usichanganye.

Kwa ulipo sasa, ningechukua utawala wa umma wenye mlango wazi wa kozi za kimataifa. Ungekuwa wizara ya mambo ya nje ningekujibu vingine. Weka hapa kozi za lazima za vyuo vilivyokukubali, na kiasi cha ufadhili kila kimoja kimekupa, tuzipitie moja moja.