Maswali Yenu: Nafsi Inapogoma Kushuka

SWALI: Nikikosolewa kazini mbele ya wenzangu, najibu kwa ukali papo hapo. Jioni nikitulia naona aliyenikosoa alikuwa na haki. Naomba radhi, lakini haipiti wiki narudi palepale. Nifanyeje?

JIBU: Kosa linatendeka katika sekunde chache za mwanzo, ndiyo maana maazimio ya jioni hayakufikishi popote. Mwili huipokea aibu kama hatari: adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, uso unawaka, na ulimi unaitangulia akili. Basi anza na mwili. Toa pumzi taratibu kwa hesabu ya 6, vuta kwa hesabu ya 4, rudia mara tatu. Tangulia kutoa, maana mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi. Hakuna atakayegundua.

Kisha sema sentensi moja uliyoiandaa mapema: “Nimekusikia, nipe muda nilitazame.” Ifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa peke yako hadi mdomo uizoee. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza “lakini”. Ukishaitamka hiyo, umeingia kwenye kujitetea na pumzi zote zimepotea bure.

Usiku gawa karatasi safu mbili. Kushoto andika alichosema mwenzako, neno kwa neno: “Hesabu ya ukurasa wa pili haijakaa sawa.” Kulia andika ulichojiambia wewe: “Ananiona mjinga.” Mara nyingi kinachouma kiko kulia, na hicho hakuna aliyekutamkia. Safu ya kulia ijibu ukijitaja kwa jina lako, kana kwamba unamshauri mtu mwingine. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanaojizungumzia kwa jina badala ya “mimi” huhimili vizuri zaidi wasiwasi wa kusimama mbele za watu. Ukiona karatasi inageuka hati ya mashtaka dhidi ya aliyekukosoa, iweke kando ukalale.

SWALI: Nikijishusha si ndiyo watanikanyaga? Tayari ndugu zangu wananitwika kila kazi ya familia.

JIBU: Kukataa kazi si kiburi. Tofauti iko kwenye kinachozungumziwa: “Jumamosi sitaweza, Jumapili nitakuja” inahusu kazi, “kwani mnanichukuliaje mimi?” inahusu hadhi yako. Jipime hivi: je, ungekataa hata kama hakuna ambaye angejua umekataa? Ukijibu ndiyo, kataa bila maelezo marefu. Tena asiyeweza kusema hapana huenda naye anailinda nafsi ileile, kwa kuwa anaogopa asionekane mbaya.

Ila kama unatukanwa, unatishiwa au unapigwa, usijihesabie kiburi. Tafuta usalama na msaada kwanza.

SWALI: Nimefaulu kuacha kubishana. Sasa najikuta nawadharau wanaobishana!

JIBU: Nafsi imebadili kanzu tu. Al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alikitenganisha kiburi na kujistaajabia: kiburi kinahitaji mtu wa kumzidi, lakini kujistaajabia kunamtosha mtu aliye peke yake na wema wake. Wewe umepata vyote viwili, jambo linalowapata hasa wenye bidii.

Dharau ikichomoza, muulize huyo mbishi swali moja la kweli, kisha msikilize hadi amalize, bila kuandaa jibu kichwani. Ni vigumu kumdharau mtu uliyemsikiliza mpaka mwisho. Kwa kujistaajabia, chagua tendo moja jema kila wiki ambalo hakuna atakayelijua, hata aliyetendewa. Ukijikuta unamsimulia rafiki “wa karibu tu”, la wiki hiyo limefutika; tafuta jingine.