Kabla Hujapanda Milima Peke Yako kwa Baiskeli

Mara ya kwanza nilipojaribu kunyonga baiskeli kilomita 140 za milima peke yangu, safari iliishia kilomita ya 96. Baiskeli ilikuwa nzima na sikuwa nimeanguka. Nilikaa kwenye nyasi kando ya barabara nikijaribu kufungua fundo la mfuko wa chakula, vidole vikitetemeka, nikashindwa kabisa, nikautoboa kwa meno. Mbele yangu palibaki mlima mmoja, tena wa wastani.

Nilidhani nimekosa mazoezi. Baadaye nilipopitia kumbukumbu za mwendo kwenye simu ndipo nikaona kosa lilipokuwa: mlima wa kwanza niliupanda kwa dakika 33. Kulikuwa na ubaridi mzuri, miguu ilikuwa myepesi, nikaiachia. Ule mlima wa jioni nilikuwa nimeshaupoteza tangu saa moja na nusu asubuhi.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza, na ninaouthamini kuliko mwingine wote, ni huu: mlima wa kwanza upande kwa mwendo unaokukera kwa upole wake. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kwa kawaida gramu 400 hadi 500 hivi. Ukinyonga kwa nguvu, akiba hiyo inaweza kukauka ndani ya saa mbili. Ukienda taratibu, mwili huchoma mafuta kwa sehemu kubwa zaidi, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku nzima. Anayesafiri na wenzake hujipima kwa mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi, anajua amezidisha. Mimi niliye peke yangu huhesabu kwa sauti. Nikishindwa kufika kumi bila kuvuta pumzi katikati, napunguza mwendo hapo hapo, hata kama miguu inasema bado ina nguvu. Asubuhi miguu haiaminiki.

Lakini huwezi kwenda taratibu mlimani kama gia yako hairuhusu. Wiki chache kabla ya safari, hesabu meno ya gurudumu dogo kabisa la mnyororo la mbele, kwenye pedali, na ya lile kubwa kabisa la nyuma. Yakiwa sawa, tuseme 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha tairi mara moja, yaani mita 2.1 hivi. Kwa mizunguko 60 kwa dakika utakwenda kama kilomita 7.5 kwa saa, mwendo unaovumilika hata mlima ukiwa mkali. Lakini kama gia yako nyepesi kuliko zote ni meno 50 mbele na 25 nyuma, mizunguko hiyo hiyo inakudai kilomita 15 kwa saa. Kwenye mwinuko mkali utalazimika kusimama juu ya pedali na kusukuma kwa uzito wa mwili, na magoti yatakukumbusha siku tatu baadaye. Badilisha gia kabla mwinuko haujaanza, kwa sababu mnyororo uliokazwa na mzigo hugoma kuhama, na wakati mwingine huchomoka.

Chakula nacho kina hesabu yake. Wewe, baiskeli na mizigo mkiwa kilo 90, kupanda jumla ya mita 1,000 ni kazi ya kilojuli 880 hivi. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo, nyingine yote hutoka kama joto, kwa hiyo mwili unatumia zaidi ya kilokalori 800 kwa kupanda peke yake. Safari yangu ilikuwa na mita 2,100 za kupanda, na siku ile ya kwanza nilingoja njaa ndipo nile. Njaa huchelewa kufika. Sasa naanza kula dakika 40 baada ya kuondoka, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi ya wastani ina kama gramu 25. Mfuko wa chakula siufungi fundo tena, naukunja tu. Maji nakunywa nusu lita au zaidi kidogo kwa saa kulingana na jua, na nikitoka jasho jingi naweka chumvi kidogo kwenye chupa moja.

Kushuka, ambako wengi hukuhesabu kuwa mapumziko, ndiko kunakonitia hofu. Kwa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Ukigeuka sekunde mbili kutazama bonde, umekwenda mita 22 bila macho. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Na usizibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, bana tena. Niliwahi kusimama chini ya mteremko wa kilomita sita baada ya kuzishikilia njia nzima. Niligusa rimu, ile pete ya gurudumu inayobanwa na breki, kwa ncha ya kidole nikakirudisha upesi kana kwamba nimegusa sufuria. Rimu ya namna hiyo inaweza kupasua tyubu ukiwa bado kwenye mwendo.

Kuwa peke yako kunabadilisha uzito wa mambo madogo. Pancha ni dakika 15 ukiwa na tyubu mbili, viraka, vijiti vya kutolea tairi na pampu. Bila hivyo ni kutembea hadi usiku. Siku moja nilibadilisha tyubu haraka haraka, na kabla sijamaliza kilomita moja tairi lilikuwa limelala tena. Mwiba ulikuwa bado umejificha ndani ya tairi, ncha yake ndogo kama ya sindano, na sikuwa nimepitisha kidole. Pitisha kidole ndani ya tairi zima, polepole, kila mara. Mwachie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa ambayo akikukosa aanze kukutafuta. Ramani pakua kabisa kwenye simu, maana mabondeni mtandao hupotea.

Nilirudi kwenye njia ile ile miezi mitano baadaye. Mlima wa kwanza niliupanda kwa dakika 41. Waendesha baiskeli wawili walinipita wakinisalimu, na kuwaacha waende kulinigharimu kuliko mwinuko wenyewe. Kilomita ya 96 niliipita nikitafuna. Mlimani sikutazama kilele, nilitazama mita kumi za lami mbele ya tairi, nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi, kisha upya. Pumzi haikukatika. Juu kulikuwa na upepo na shati langu lilikuwa limelowa jasho. Nikasimama, nikavaa koti, nikapandisha zipu hadi shingoni, nikajaribu breki zote mbili, kisha nikaanza kushuka.