Jibu: Kupiga picha Kilimanjaro ukiwa safarini

Ndugu, umeuliza kwa nini kila ukipita Moshi unakuta mlima umejificha, na kama ununue lenzi nyingine. Lenzi haina kosa. Jua likipanda, unyevu wa msitu wa miteremkoni hupanda nao na kuwa mawingu; mara nyingi kufikia saa nne asubuhi Kibo, kilele kikuu cha mlima, haionekani tena. Basi la asubuhi kutoka Dar linakufikisha ukiwa umeshachelewa. Lala Moshi, uwe umesimama mahali pa wazi kabla jua halijachomoza. Theluji ya Kibo, mita 5,895 juu, inashika rangi ya waridi kwa dakika chache, huku Mawenzi, kilele cha pili, upande wa kulia bado nyeusi. Kwangu hakuna furaha ya safari inayoizidi hiyo!

Usitumie lenzi pana sana, mlima utaonekana kama kichuguu. Lenzi ya milimita 70 au zaidi inatosha. Ukitaka kusimama shambani kwa mtu, piga hodi kwanza. Machi hadi Mei ni masika, epuka. Januari na Februari anga huwa safi zaidi. Asubuhi ikigoma, jaribu jioni, mawingu hufunguka.