Mbona matokeo ya rais hayaendi mahakamani?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nauza nguo za mitumba pale Memorial, Moshi. Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, kijana wangu wa kwanza, dereva wa bodaboda, ameapa kwamba hatapiga kura tena maishani mwake. Nilimwambia asiyeridhika si aende mahakamani, nchi ina sheria. Akanijibu kwamba matokeo ya rais hayapelekwi mahakama yoyote. Nikambishia, maana kesi ya ubunge wa Arusha Mjini naikumbuka vizuri, tulikuwa tunaifuatilia redioni hapa sokoni. Nani mkweli kati yetu? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mama Upendo, Moshi

JIBU

Marahaba, Mama Upendo. Kijana wako amesema kweli kuhusu rais, nawe umesema kweli kuhusu mbunge. Katiba yetu, ibara ya 41, ibara ndogo ya 7, inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge hana kinga hiyo. Kesi ya ubunge inafunguliwa Mahakama Kuu, na ya udiwani kwa hakimu mkazi.

Kesi unayoikumbuka ilikuwa hivi. Oktoba 2010 Godbless Lema alitangazwa mbunge wa Arusha Mjini. Wapiga kura wakapinga ushindi wake wakidai kwamba alitumia lugha ya matusi kwenye kampeni, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ikamvua ubunge. Akakata rufaa. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti chake, ikasema wale waliofungua kesi haki zao wenyewe hazikuwa zimevunjwa. Mji ulicheka na kulia mara mbili, lakini kila upande ulisikilizwa, na hukumu imeandikwa, yeyote anaweza kuisoma.

Sasa nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu ndilo linalonifanya nishindwe kumlaumu mwanao. Oktoba 25, 2015 nilikuwa karani kwenye kituo kimoja hapa Arusha, darasa la shule ya msingi. Siku hiyo tulikuwa na masanduku mawili tu, la rais na la diwani. Kura ya ubunge iliahirishwa baada ya mgombea mmoja kufariki, tukaipiga Desemba 13. Saa kumi jioni tukafunga, waliokuwa kwenye foleni wakamalizia, tukaunganisha madawati na kumwaga kura. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, akaigeuza mawakala waione alama ya vema, akataja jina kwa sauti. Kila wakala alikuwa na daftari lake la shule, anachora vijiti, cha tano anakilaza juu ya vinne. Wakala mmoja, binti mdogo, kalamu ilimwishia wino, na wa chama pinzani akampa yake. Palipotokea hitilafu ya kura moja, tulirudia bunda zima na hakuna aliyenung'unika.

Mwisho tukajaza fomu, 21A ya rais na 21C ya diwani. Mwandiko ni wa mtu mmoja, sahihi ni za mawakala walewale. Tukazibandika nje, ukuta mmoja, zimegusana. Hapo ndipo Katiba inapozitenganisha. Ile ya diwani, ikiwa huko mbele hesabu itageuka, mtu anaipeleka kwa hakimu kama ushahidi. Ile ya rais, hata ukiitunza kabatini miaka mitano, hakuna mahakama ya kuipokea. Mwaka ule Tume ilimtangaza John Magufuli kwa asilimia 58, Edward Lowassa akawa na karibu 40. Kwa watu wa huku Lowassa alikuwa mtu wa nyumbani, wa Monduli. Alisema hakubali matokeo. Sijui nani angeshinda kesi hiyo, na huenda Magufuli angeishinda mchana kweupe. Linaloniuma ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuuliza, na kukosekana kwake kulimnyima hata mshindi nafasi ya kuthibitisha ushindi wake.

Wapo wanaosema kesi ya urais italeta vurugu. Mimi naona kinyume chake. Vuka hapo Namanga tu: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa Oktoba. Mwaka 2022 ikakataa malalamiko, na aliyeshindwa akasema anaiheshimu hukumu ingawa hakubaliani nayo. Wananchi walisikiliza mawakili wakibishana kuhusu fomu. Sisi Oktoba 29 tulikuwa na nini? Chadema hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa. Nilimwandikia mwanangu aliye Dar es Salaam, ujumbe ukakaa na tiki moja, nikawa nauangalia usiku kucha kama mgonjwa. Wapo wazazi ambao watoto wao hawakujibu tena. Novemba 1 rais akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, na kwa mujibu wa ibara ile, kwa mahakama za nchi yetu mjadala ukaishia hapo.

Tena mwambie kijana jambo hili si geni wala si la chama kimoja. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa imeruhusu matokeo ya rais kupingwa Mahakama ya Juu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika, na kifungu kikalala nayo. Kisha Mtanzania mmoja, wakili Jebra Kambole, akaipeleka ibara ya 41(7) kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa Arusha. Julai 2020 mahakama hiyo ikasema ibara hiyo inavunja Mkataba wa Afrika, na nchi irekebishe. Ibara bado ipo.

Kwa hiyo, mama, usimlazimishe. Kupiga kura ni haki, si amri, na mtu mzima hasukumwi kituoni na mzazi wake. Lakini nisingependa aishie kwenye kiapo. Muulize: ibara hiyo ikiondolewa, utapiga kura? Akisema ndiyo, basi hajaichoka kura, amechoka kutokuwa na pa kulalamikia, na hilo linadaiwa kwa sauti: kwa mbunge wenu akija ziara, kwenye mikutano ya kata, kijiweni kwao bodaboda. Mchakato wa Katiba ukirudi mezani, watu wa umri wake ndio wanatakiwa wawe wameisoma. Na chama chochote anachokipenda kinahitaji mawakala wa kura wanaojua kuhesabu na wasiotoka kituoni kabla fomu haijabandikwa.

Aanze na ibara mbili, ya 41 na ya 83 inayohusu kesi za ubunge. Azisome zikiwa pamoja, kisha aniandikie yeye mwenyewe. Barua yake nitaijibu.