Wanafunzi Wangu Wameinamia Simu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha biashara na uhasibu wa mwanzo katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini, darasa la watu zaidi ya mia. Projekta ipo, slaidi naziandaa vizuri, lakini nikifika slaidi ya tano nusu ya darasa imeinamia simu. Nikiuliza "mmeelewa?" wote wanaitikia ndiyo, mtihani ukija wanaanguka. Ninyang'anye simu mlangoni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu waachie. Kilichoniuma katika barua yako ni hilo "mmeelewa?" Kijana aliyelelewa kumheshimu mwalimu hawezi kukujibu hapana mbele ya wenzake mia.

Uliza swali litakalowagawa. Unapofundisha stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati yake hadi yauzwe mnadani, waandikie hivi: mkulima amepeleka kilo 500 za korosho ghalani kupitia chama chake cha msingi, mnada bado. Korosho ni mali ya nani? A, mkulima. B, mwendesha ghala. C, mnunuzi aliyekwisha kuzikagua. D, Serikali. Darasani mwako wamo watoto wa Tandahimba, Newala na Masasi. Kila mmoja ana jibu alilotoka nalo nyumbani, na majibu hayo yatagombana.

Wape dakika moja, kila mtu aamue kimyakimya. Kisha wanyanyue kwa pamoja vipande vya manila, rangi moja kwa kila herufi, ili wasiigane. Jibu usilitaje. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye rangi tofauti, amshawishi. Zitazuka kelele, tafadhali usizizime, maana hapo ndipo wanapojifunza. Wapige kura tena, ndipo uwaeleze kwamba mwendesha ghala amepokea mzigo autunze, hakuununua, kwa hiyo A.

Utaratibu huu Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuutumia mwaka 1991. Kura ya kwanza ikitoa waliopatia chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya. Wakizidi 70, songa mbele. Katikati ya hapo waache wabishane. Na matunda yanaonekana: uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, uliotoka 2014, ulikuta waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walifeli asilimia 34 hivi, na walioshirikishwa asilimia 22.

Zipo programu za kupigia kura kwa simu, nazo zinahesabu haraka. Ila aliyeishiwa bando anabaki mtazamaji, na mimi simkubalii mwalimu yeyote amwache huyo nje ya somo. Anza na manila. Simu itumie usiku wa kuamkia kipindi: rekodi maelezo ya dakika tano, uyatume kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ili muda wa darasani ubaki wa mabishano. Projekta nayo ionyeshe swali na picha ya stakabadhi halisi, basi.

Maswali mawili kwa kipindi yanatosha. Ukishalijaribu hili la korosho, niandikie kura ya kwanza iligawanyikaje.